Tiba ya maji kwa watoto: Hesabu ya wazazi wa Kibera na Kawangware

MZAZI anayeishi katika mtaa wa mabanda anapoambiwa kuwa maji yanaweza kumsaidia mwanawe kutuliza hasira, hofu au huzuni, kitu cha kwanza anachokitupia jicho si mtoto bali ni mtungi. Je, umejaa au umebaki nusu? Ulinunuliwa kwa shilingi ngapi? Na yakimwagwa kwa ajili ya mchezo, chakula cha jioni kitapikwa kwa maji gani?

Hayo si maswali ya mtu asiyejali hisia za mtoto wake. Ni maswali ya mtu anayejua bei ya kila lita inayoingia nyumbani mwake. Ndiyo maana mjadala kuhusu tiba ya maji katika mitaa ya Kibera na Kawangware, jijini Nairobi, hauwezi kufanana na ule wa mitaa ambako mfereji hufunguliwa jikoni na kidimbwi cha kuogelea kiko nyuma ya nyumba.

Makala haya yanaeleza tiba hiyo ni nini, ilianzia wapi, wazazi wana shaka zipi kuihusu, na ni kwa kiasi gani shaka hizo zina msingi.

Tiba yenyewe ni ipi?

Jina tiba ya maji hutumiwa kwa mambo matatu tofauti, na mkanganyiko mwingi huanzia hapo.

La kwanza ni mazoezi ya viungo ndani ya kidimbwi cha maji vuguvugu, yakisimamiwa na mtaalamu wa tiba ya viungo. Mtu aliyezama hadi shingoni hubeba takriban sehemu moja tu ya kumi ya uzani wake, kwa kuwa sehemu iliyobaki hubebwa na maji. Kwa sababu hiyo, mtoto mwenye mtindio wa ubongo anayeshindwa kusimama nchi kavu huweza kusogeza miguu yake majini, na furaha anayoipata hapo ni sehemu ya matibabu.

La pili ni michezo ya majini, kama vile kuogelea na kuteleza juu ya mawimbi, inayoendeshwa kwa nia ya kumjenga mtoto kihisia: ajiamini, amwamini mwenzake, na ajifunze kupumua taratibu anapoogopa.

La tatu, ambalo ndilo rahisi kuliko yote, ni mchezo wa maji katika beseni au karai. Mtoto humimina, huchota, hupima, huosha na kumwaga, huku mtu mzima akiwa kando yake, akimtazama na kumsikiliza. Katika tiba ya mchezo inayotolewa na washauri nasaha, maji na mchanga ni miongoni mwa vifaa vya kawaida, kwa sababu mtoto mdogo hana maneno ya kutosha ya kueleza yaliyo moyoni mwake. Mikono yake husema kabla ya kinywa.

Ilikoanzia

Wazo la kumlea mtoto kwa kazi za maji si geni, wala halikuzaliwa katika nyumba za matajiri. Mnamo Januari 6, 1907, daktari Mwitaliano Maria Montessori alifungua nyumba ya kulea watoto katika San Lorenzo, mtaa wa walalahoi jijini Roma. Watoto wa vibarua walifundishwa kunawa, kuosha vitu na kumimina maji kutoka chombo kimoja hadi kingine bila kuyamwaga. Montessori alishikilia kuwa kazi kama hizo humfunza mtoto utulivu na kujitawala.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 jijini London, daktari wa watoto Margaret Lowenfeld aliwapa watoto wenye matatizo ya kihisia sinia za mchanga, maji na vikaragosi vidogo ili wajenge dunia zao wenyewe. Baadaye Dora Kalff wa Uswisi aliendeleza njia hiyo, nayo bado hutumiwa na wataalamu katika nchi nyingi.

Mnamo 1949, mhandisi James McMillan alianza kuwafundisha kuogelea wasichana wenye ulemavu wa shule ya Halliwick, London. Mbinu yake, ambayo imebeba jina la shule hiyo, huanza na mtoto kuyazoea maji katika akili yake. Miondoko ya kuogelea hufundishwa baadaye, mtoto akiisha kuacha kuyaogopa.

Barani Afrika, mfano unaotajwa sana ni wa shirika la Waves for Change la Afrika Kusini, lililochipuka katika mtaa wa Masiphumelele, Cape Town. Huko, vijana wanaokulia katika mazingira ya umaskini na ghasia hufunzwa kuteleza juu ya mawimbi huku wakipewa malezi ya kisaikolojia na vijana wakubwa wa mtaa wao wenyewe.

Hata hivyo, Masiphumelele iko karibu na bahari. Kibera na Kawangware haziko. Ndipo hoja za wazazi zinapoanza.

Hesabu ya mtungi

Hoja ya kwanza ni gharama. Ripoti ya Maendeleo ya Binadamu ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2006, iliyohusu uhaba wa maji duniani, ilieleza kuwa wakazi wa mitaa ya mabanda mara nyingi hulipia lita moja ya maji mara tano hadi 10 zaidi ya wanavyolipa wakazi wa mitaa ya kifahari ya jiji hilo hilo. Kibera ilikuwa miongoni mwa mifano iliyotajwa.

Tangu wakati huo kumekuwa na juhudi za kupunguza tatizo. Shirika la SHOFCO, lililoasisiwa Kibera mnamo 2004, lilijenga mabomba yanayopita juu ya nyumba ili maji yasiingiliwe na uchafu wa mitaro. Lakini wakazi wengi wangali wanabeba mitungi kutoka vioskini, na mifereji inapokauka bei hupanda maradufu.

Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Kati ya haki hiyo na mtungi kuna foleni ya kioski, na anayesimama foleni hiyo mara nyingi ni mama au binti.

Linganisha na kidimbwi. Kidimbwi cha kiwango cha Olimpiki, chenye urefu wa mita 50, upana wa mita 25 na kina cha mita mbili, huchukua lita milioni 2.5. Hiyo ni mitungi 125,000 ya lita 20. Vidimbwi vingi jijini ni vidogo kuliko hicho, lakini hutoza ada ya kuingia, na ukijumlisha nauli na vazi la kuogelea, mzazi mwenye watoto watatu anayeishi kwa kibarua cha siku huona safari moja ikimaliza pesa za unga.

Tatizo hilo limejitokeza shuleni pia. Mtaala wa CBC, ulioanza kutekelezwa kote nchini mnamo 2019, ulijumuisha kuogelea katika shughuli za watoto wa madarasa ya chini, ilhali shule nyingi za mitaa hii hazina hata uwanja wa kuchezea, sembuse kidimbwi. Kwa mzazi, neno kuogelea likawa jina jingine la mchango asioweza kuutoa.

Hofu ya kuzama

Hoja ya pili ni usalama, na hapa wazazi hawakosei. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika ripoti yake ya Desemba 2024, lilikadiria kuwa watu 300,000 walikufa kwa kuzama maji duniani mnamo 2021. Karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji ya kina cha sentimita chache, kwa dakika chache, bila kupiga kelele. Karai lililoachwa uani linatosha. Kwa hivyo mzazi anayesita kumwachia mtoto maji anafanya jambo la busara. Penye kasoro ni pale anapodhani kuwa njia pekee ya kumkinga mtoto ni kumweka mbali na maji daima. WHO yenyewe hupendekeza watoto wa umri wa kwenda shule wafunzwe kuogelea na kujiokoa, kwa sababu mtoto asiyeyajua maji ndiye hushindwa kujinusuru siku anapokutana nayo kwa ghafla.

Maji yaliyo karibu nayo hayafai kwa mchezo. Mto Ngong hupitia Kibera ukielekea katika Bwawa la Nairobi, nao mto Nairobi hupitia upande wa Kawangware. Yote miwili hubeba majitaka na takataka. Bwawa hilo, lililojengwa mnamo 1953, lilikuwa mahali pa burudani ambapo watu waliendesha mashua za tanga. Kwa miongo kadhaa sasa limezidiwa na magugu-maji na uchafu. Mzazi anayemkataza mwanawe kuchezea huko anamkinga dhidi ya kipindupindu, homa ya matumbo na magonjwa ya ngozi.

Baridi na nimonia

Hoja ya tatu ni kwamba maji humletea mtoto nimonia. Madaktari hueleza kuwa nimonia husababishwa na viini, yaani bakteria, virusi na wakati mwingine kuvu. Utapiamlo, moshi wa jikoni na msongamano wa watu katika chumba kimoja huongeza hatari hiyo. Kulowa pekee hakuzai viini.

Hata hivyo, maji hunyonya joto la mwili kwa kasi kubwa kuliko hewa, na mtoto mchanga au mgonjwa hupoa upesi. Katika baridi ya Julai jijini Nairobi, si vyema kumwacha mtoto akiwa amelowa. Mchezo ufanywe jua linapowaka, kwa dakika 15 hadi 20, kisha mtoto akaushwe na kuvishwa nguo kavu.

Staha na imani

Hoja ya nne haizungumzwi waziwazi. Kibera ina historia ndefu ya Wanubi, wazao wa askari wa Sudan waliopewa makao katika msitu huo mwanzoni mwa karne ya 20, na Waislamu ni wengi katika kijiji cha Makina. Kwa familia nyingi, za Kiislamu na za Kikristo, mavazi ya kuogelea na kuchanganyika kwa wavulana na wasichana ni suala la staha. Mpango wowote usiotenga muda wa wasichana au usioruhusu vazi la stara utakuwa umewafungia mlango.

Wengine husikia neno tiba likiambatanishwa na maji, wakafikiria maji ya kuombewa au ya mganga. Ni vyema ieleweke kwamba katika tiba inayozungumziwa hapa maji hayana uwezo wowote wa siri. Kinachofanya kazi ni mchezo, mwili unaotulia, na mtu mzima anayemjali mtoto.

‘Huo ni mchezo tu’

Hoja ya tano ndiyo nzito zaidi: kwamba mtoto mwenye hasira anahitaji nidhamu, si karai la maji, na kwamba huzuni ya mtoto huisha yenyewe.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya akili ya vijana, uliohusisha Kituo cha Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya barani Afrika (APHRC) na ambao matokeo yake yalitolewa mnamo 2022, ulipatia jibu. Ulibaini kuwa zaidi ya vijana wanne kati ya kila 10 wa umri wa miaka 10 hadi 17 nchini Kenya walikuwa wamepata tatizo la afya ya akili katika mwaka uliotangulia. Matatizo kama hayo hayaibuki siku moja. Mengi huanza utotoni, yakionekana kama utundu, uvivu au kiburi.

Mtoto anayepiga wenzake huenda hana njia nyingine ya kueleza anachokiona nyumbani. Aliyeacha kuzungumza huenda amemeza jambo lililomzidi. Kiboko huweza kunyamazisha dalili hizo lakini hakigusi chanzo.

Hapa panafaa tahadhari. Katika hospitali za kale za wagonjwa wa akili barani Ulaya na Amerika, wagonjwa walimwagiwa maji baridi ili kuwatiisha, na hilo likaitwa matibabu. Mzazi anayemmwagia maji mtoto anayelia ili anyamaze anarudia kosa hilo. Maji yakishakuwa adhabu, hayawezi tena kuwa faraja.

Ushahidi una uzito gani?

Wazazi wana haki ya kuuliza kama tiba hii inafanya kazi kweli. Jibu la uaminifu ni kwamba ushahidi upo lakini una mipaka. Tafiti kuhusu watoto wenye usonji na wenye ulemavu wa viungo zimeonyesha maendeleo katika miondoko, na baadhi zimeona nafuu katika tabia na mahusiano. Hata hivyo, nyingi zilihusisha watoto wachache na kwa muda mfupi.

Kwa hivyo yeyote anayedai kuwa maji huponya usonji, kifafa au msongo wa mawazo anamdanganya mzazi. Maji vuguvugu hulegeza misuli, mchezo wa kurudiarudia humtuliza mtoto, na muda wa pamoja hujenga imani kati yake na mlezi. Hayo yanatosha kuufanya mchezo huo uwe na thamani, ila hayaufanyi kuwa badala ya daktari.

Karai badala ya kidimbwi

Mzazi wa Kibera au Kawangware akiyapima hayo yote, ataona kuwa sehemu ya tiba hii inayomfaa zaidi ndiyo ya bei nafuu kuliko zote.

Lita tano za maji safi, yaani robo ya mtungi, zinatosha. Mtungi ukiuzwa Sh10, hiyo ni Sh2.50. Tena maji hayo si lazima yapotee. Yanaweza kuwa yale yaliyotengwa kwa kufua, yakachezewa kabla ya kutiwa sabuni, au yakatumiwa baadaye kupigia deki.

Vifaa ni vikombe viwili, chupa ya plastiki, kijiko na kitambaa. Mtoto aachwe aamue mwenyewe atakachokifanya. Mzazi aketi karibu, simu ikiwa kando, na asiharakishe kumsahihisha. Badala ya kuuliza maswali mengi, aseme tu anachokiona: kwamba kikombe kimejaa, kwamba chupa imezama. Mtoto akitaka kusema jambo lililo moyoni, atalisema wakati wake.

Watoto wawili wanaweza kupewa kikombe kimoja wapokezane, wakajifunza kungoja zamu. Mtoto mwenye hasira anaweza kukamua kitambaa kwa nguvu zake zote bila kumdhuru yeyote.

Masharti ni machache lakini hayana mjadala. Mtu mzima asiondoke hata kwa dakika moja, wala kazi hiyo asiachiwe dada mwenye umri wa miaka minane. Maji yasiwe ya mtoni wala ya mtaro. Mtoto asiyanywe. Maji ya moto yawekwe mbali. Mchezo ukiisha, karai lipinduliwe.

Mtoto aliyeona mafuriko

Kuna watoto ambao kwao hata karai ni jambo zito. Mvua kubwa za Machi hadi Mei 2024 ziliua zaidi ya watu 200 kote nchini. Jijini Nairobi, mito ilivunja kingo na kuingia katika nyumba za mabanda, na baadaye serikali iliamuru watu waondoke kandokando ya mito, nyumba zikabomolewa. Mtoto aliyeamshwa usiku na maji yakiwa magotini, akapoteza nyumba na pengine jirani, hawezi kuyatazama maji kwa jicho la mtoto mwingine.

Dalili zake hujulikana: hulia mawingu yanapotanda, hukataa kuoga, hukojoa kitandani baada ya kuwa ameacha, au huamka akipiga mayowe. Mtoto huyo asilazimishwe wala asichekwe. Aanze kwa mbali, pengine kwa mchanga mkavu, kisha mchanga uliolowa, kisha kikombe kimoja cha maji anachokishika yeye mwenyewe. Uamuzi wa kusonga mbele uwe wake, kwani mafuriko hayakumpa nafasi ya kuamua lolote. Hofu ikizidi mwezi mmoja, au ikimzuia kula, kulala au kwenda shule, huo ni wakati wa kutafuta mtaalamu.

Mahali pa kupata usaidizi

Wakazi wa Kibera wako karibu na Hospitali ya Mbagathi na Hospitali Kuu ya Kenyatta, ambako mtoto anaweza kuchunguzwa na kuelekezwa kwa mtaalamu anayefaa. Mtoto anayeshukiwa kuwa na usonji au ulemavu mwingine anaweza kupelekwa katika vituo vya tathmini vya elimu maalum, vinavyojulikana kama EARC, ambavyo vilianzishwa nchini mnamo 1984. Nambari 116 ya huduma ya simu kwa watoto hupigwa bila malipo, na inafaa zaidi panaposhukiwa dhuluma.

Mzazi anayeombwa pesa kwa ajili ya tiba ya maji aulize kwanza anayeitoa amesajiliwa na nani. Washauri nasaha na wanasaikolojia wana sheria yao ya mwaka 2014, na wataalamu wa tiba ya viungo wana yao ya mwaka huo huo. Aulize pia kama kuna mwokoaji kidimbwini, na kama ataruhusiwa kukaa na kutazama. Akikataliwa, arudi na mwanawe nyumbani.

Mbali na hayo, jukumu si la mzazi pekee. Kenya iliidhinisha Mkataba wa Haki za Mtoto mnamo 1990, na kifungu chake cha 31 kinatambua haki ya mtoto kucheza. Maji yakifika nyumbani kwa bei ya haki, na mito ikisafishwa, shaka nyingi za wazazi zitaisha bila semina yoyote.

Kabla ya siku hiyo kufika, kuna robo ya mtungi na dakika 20 za mzazi. Kwa aliyezoea kidimbwi, hicho ni kidogo mno. Lakini wahenga walikwisha sema kuwa maji ya kifuu ni bahari ya chungu.